Fundi Anajibu: Kaseti na CD za marehemu baba, niziweke kwenye MP3 au FLAC?

SWALI: Shikamoo fundi. Baba yetu alifariki mwaka jana, akatuachia kabati zima la muziki. Nimehesabu CD 240 na kaseti 60: dansi la zamani, rumba ya Kongo, taarabu ya Unguja na ya Mombasa, na kaseti chache alizorekodi mwenyewe kwenye shughuli za nyumbani. Nataka kuziingiza zote kwenye kompyuta. Mdogo wangu anasema MP3 inatosha, kila redio inaisoma. Rafiki yangu wa studio anasema niweke WAV, vingine vyote ni kuharibu. Mwanangu anashangaa kwa nini nahangaika wakati nyimbo ziko intaneti. Nimesikia pia habari za FLAC. Diski niliyonunua ni ya terabaiti 1. Nifuate lipi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Weka FLAC. Nakueleza na sababu, kwa kuwa ukifika kaseti ya 30, mgongo unauma, utatamani kukata kona, na wakati huo amri ya fundi peke yake haitakuzuia.

Anza na CD yenyewe. Sauti iliyomo ilipimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, kila kipimo kikaandikwa kwa biti 16, mara mbili, kwa spika ya kushoto na ya kulia. Ukizidisha unapata kilobiti 1,411 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 10 kwa dakika moja ya muziki. WAV, iliyoletwa na Microsoft na IBM mwaka 1991, huchukua vipimo hivyo na kuviweka kama vilivyo. Kwa hiyo rafiki yako hajakosea kuhusu usalama wa sauti. Amekosea aliposema vingine vyote vinaharibu.

FLAC ni mkunjo wa nguo kwenye sanduku. Hakuna nguo inayotupwa. Zimekunjwa tu, na ukifungua unazitoa zote, hata kifungo hakikosekani. Programu hukisia kipimo kinachofuata kutokana na vilivyotangulia, kisha huandika tofauti kati ya kisio na ukweli, na tofauti hiyo huwa ndogo. Josh Coalson alianza kuitengeneza mwaka 2000, toleo la kwanza kamili likatoka 2001, na tangu 2003 iko chini ya taasisi ya Xiph.Org. Ni ya bure na maelezo yake yako wazi kwa yeyote. Jambo hilo ni kubwa kwa mtu anayetunza kitu cha kuachia wajukuu: hata waliopo leo wakifunga shughuli zao, mwingine anaweza kuandika programu ya kuisoma.

MP3 ni habari nyingine. Yenyewe hutupa. Wataalamu wa Ujerumani, wale wa taasisi ya Fraunhofer pale Erlangen akiwemo Karlheinz Brandenburg, walijenga juu ya ukweli mmoja kuhusu sikio: sauti kubwa humeza sauti ndogo iliyo jirani yake. Kama sikio haliisikii ile ndogo, ya nini kuihifadhi? Ni kazi ya akili nyingi, nami naiheshimu, kwani wakati huo intaneti ilipita kwenye waya wa simu na wimbo mmoja wa WAV ungekukesha usiku kucha. Ila kilichotupwa kimetupwa. Hakuna programu duniani inayokirudisha.

Hesabu ya nyumba yako ni hii. Tuseme kila CD ina saa moja ya muziki. Kwa WAV, CD 240 zitakula gigabaiti 150 hivi. Kwa FLAC, kati ya 80 na 100. Kwa MP3 ya kilobiti 320, ambayo ndiyo ya juu kabisa, kama 35. Kwa MP3 ya kilobiti 128, ile iliyojaa mitaani miaka ile, 14 tu. Ongeza kaseti zako kwa FLAC, bado hutafika gigabaiti 200 kwenye diski yenye 1,000. Sababu iliyotufanya tutupe sauti zamani ilikuwa ufinyu wa nafasi, na kwako ufinyu huo haupo.

Sasa nikwambie ukweli ambao wauza vifaa hawaupendi. MP3 ya 320 iliyotengenezwa vizuri kutoka CD, wengi wetu hatuwezi kuitofautisha na FLAC. Nilijijaribu mwenyewe kwa programu ya foobar2000, yenye kipimo ambacho hujui unachezewa ipi. Nikafunga mlango, nikavaa hedifoni zangu za studio, nikajaribu mara 16. Nilipatia mara 9. Hata anayebahatisha kwa kurusha shilingi hupata kama hizo, na masikio haya yamenilisha zaidi ya miaka 30. Kwa hiyo sikuambii FLAC kwa sababu jioni ya leo utasikia muujiza. Nakuambia FLAC kwa sababu ya kesho, siku utakayotaka kuzigeuza tena faili hizo.

Mwaka 1987 nilianza kazi kwenye kibanda cha kurekodi kaseti Kariakoo. Mteja analeta kaseti tupu, anataja nyimbo, sisi tunamjazia. Tulikuwa na kaseti mama kabatini, na mwenye kibanda alikataza kabisa kumrekodia mtu kutoka kwenye nakala. Vijana tulipoona kaseti mama iko kwenye deki nyingine, tulichomoa nakala tukarekodi kutoka humo. Mteja akarudi baada ya siku mbili: gitaa la solo limezama, mwimbaji kama anaimba ndani ya mto wa sufi. Nakala ya nakala ya nakala. MP3 ina tabia ileile. Leo unaibana kwa 320, kesho gari jipya linataka aina nyingine, unaigeuza. Baada ya miaka 10 kuna kitu kipya, unageuza tena. Kila mgeuko hutupa juu ya kilichokwisha kutupwa. Ukiwa na FLAC una kaseti mama. Kila nakala, ya simu au ya gari, inatoka kwa mama.

Na kuna jambo nalibeba mwenyewe. Mwaka 1984 dada yangu aliolewa, na kikundi cha taarabu kikapiga uani kwetu mpaka alfajiri. Mjomba alirekodi kwenye kaseti ya dakika 90. Mwaka 2004 niliiingiza kwenye kompyuta yangu yenye diski ya gigabaiti 20, nikachagua MP3 ya 128 kubana nafasi, kaseti nikairudisha kwa mjomba. Ilikaa kwenye boksi chini ya kitanda, ikapigwa na kuvu, mkanda ukagandana. Nilichobaki nacho ni ile MP3. Udi upo, fidla zipo, maneno yanasikika. Lakini vigelegele! Mama yangu alikuwa na kigelegele chake, kirefu, kinachokatika mwishoni kama kicheko, ungekitambua kati ya wanawake mia. Kigelegele ni sauti kali ya juu inayotetemeka kwa kasi, na ndiyo hasa inayoshinda MP3 ndogo. Pamoja nacho huenda rika (ile tari ndogo ya taarabu), makofi na matoazi ya dramu. Kwenye faili yangu kigelegele cha mama kinatoka kama maji yanayochemka kwenye sufuria. Mama hayupo tena. Kwa kuokoa megabaiti mia chache nilipoteza kitu ambacho leo ningelipa chochote kukipata.

Basi usiniulize kwa nini navuta watu masikio kuhusu kaseti za nyumbani. Hizo alizorekodi baba yako mwenyewe zifanye za kwanza, kabla ya CD yoyote. Mwanao amesema nyimbo ziko intaneti, na kwa nyimbo nyingi za kununua ana haki yake, ingawa zinaweza kuondolewa siku yoyote na wenye hakimiliki. Ila sauti ya babu yake akikaribisha wageni haiko popote isipokuwa kabatini mwenu.

Kwa nini basi FLAC na si WAV, kama zote zinatunza kila kitu? Mbali na nafasi, yapo mawili. La kwanza, FLAC hubeba ndani yake alama ya hesabu ya sauti nzima ya awali. Ukiiambia programu ikague, hupiga hesabu upya na kulinganisha. Diski ikianza kuoza na biti moja ikabadilika, utajua. La pili ni majina. WAV ina mahali pa kuandika jina la wimbo, lakini programu nyingi haziangalii hapo, na baada ya mwaka una faili 3,000 zinazoitwa Wimbo 01. FLAC hupokea jina la wimbo, bendi, mwaka, picha ya jalada, hata maelezo yako marefu.

Hapo kwenye majina usiharakishe, maana dansi letu lina mitego. Bendi iliyoanza 1964 kama NUTA Jazz ilikuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Ukiandika kila jina kivyake, kompyuta itakupa bendi nne. Mimi huandika jina lililokuwa likitumika wimbo uliporekodiwa, kisha kwenye sehemu ya maelezo naongeza neno Msondo, ili nikilitafuta zije zote. Waimbaji nao walihama: Muhidin Maalim Gurumo utamkuta NUTA na utamkuta Mlimani Park. Weka bendi kwenye nafasi ya msanii, mwimbaji muandike kwenye maelezo. Mp3tag, licha ya jina lake, inafanya kazi hiyo kwa FLAC pia, na ni ya bure kwenye Windows.

CD zenyewe zitenge mafungu mawili kabla hujagusa kompyuta. Geuza kila moja uangalie mgongo. Zile za rangi ya fedha ni za kiwandani. Zisome kwa Exact Audio Copy, ambayo ikipata shaka hurudia kusoma sehemu ileile mpaka majibu yalingane, kisha hulinganisha na matokeo ya watu wengine duniani wenye CD kama hiyo. Ikikushinda kuipanga, fre:ac ni nyepesi zaidi. Zile zenye rangi ya kijani, buluu au dhahabu ni za kuchomwa, na hapa kwetu ni nyingi. Hizo zitangulie, kwa sababu rangi ile ndiyo inayobeba data, na joto la pwani huiua. Utakuta nyingine tayari zina faili za MP3 ndani. Zinakili kama zilivyo, usizigeuze.

Nyingine zitakudanganya: zinaonekana CD za kawaida, kumbe aliyechoma alichukua MP3 akaipanua. Ili kuzijua, fungua faili kwenye programu iitwayo Spek, inayochora picha ya sauti. Ukiona picha imekatwa kama kwa rula kwenye hezi 16,000 hivi, juu yake giza tupu, uwezekano mkubwa ilipita kwenye MP3 ya 128. Lakini linganisha kwanza na umri wa wimbo, maana rekodi za zamani hufifia zenyewe huko juu, polepole, bila mkato. Ziweke hivyohivyo, na kwenye maelezo andika kwamba ni nakala hafifu, ili siku ukipata CD halisi ujue ipi ya kubadilisha.

Kwa kaseti, safisha kwanza kichwa cha deki kwa pamba na spiriti isiyo na mafuta. Usitumie vile vidude vidogo vya kaseti vinavyorekodi moja kwa moja kuwa MP3, umeshajua sababu. Tafuta deki nzima yenye tundu la kutolea sauti nyuma, na kifaa kidogo cha kuingizia sauti kupitia USB, kwani tundu la maikrofoni la kompyuta mpakato mara nyingi ni la upande mmoja tu na lina kelele. Ukisikia sauti imefifia juu, karibu na kichwa kuna skrubu ndogo ya kukiinamisha. Izungushe kidogo kidogo kaseti ikiwa inacheza, mpaka matoazi yang'ae, na rudia kwa kila kaseti iliyorekodiwa na deki tofauti. Rekodi kwa programu ya Audacity, biti 24 na hezi 48,000. Kaseti haina ubora wa biti 24, hilo ni kweli, lakini biti za ziada zinakuruhusu kurekodi kwa sauti ya chini kidogo, vilele visivuke desibeli 6 chini ya sifuri, bila kuogopa kelele wala kupasuka. Rekodi upande mzima mara moja, uuhifadhi FLAC bila kuondoa ule mvumo wa mkanda. Ukataji na usafishaji ufanye kwenye nakala. Usishangae FLAC za kaseti kuwa kubwa kuliko ulivyotarajia: mvumo haukisiki, basi haukunjiki vizuri.

Kwenye kaseti za baba utakutana na nyimbo za dansi na rumba zinazofifia katikati kisha kuanza tena. Si hitilafu. Zilirekodiwa kutoka santuri ndogo ambazo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, upande wa kwanza na wa pili. Tunza vipande vyote viwili, hata kama utatengeneza nakala iliyounganishwa ya kusikiliza.

Mwisho, terabaiti moja ni diski moja, na diski hufa bila kuaga. Nunua ya pili, nakili kila kitu, uipeleke kwa mdogo wako. Mwachie na MP3 zake anazozitaka, zilizotokana na FLAC.

SWALI: Habari yako fundi. Mimi ni dereva hapa Nairobi. Nilikuwa nikitoa nyimbo YouTube kama MP3, sasa nimezigeuza zote kuwa FLAC ili zitoke safi. Zimekuwa kubwa mno, sauti ni ileile, na redio ya gari haizisomi kabisa. Nimekosea wapi? – Dereva, Nairobi

JIBU: Ndugu yangu, FLAC hutunza unachoipa. Umeipa MP3, imetunza MP3 kwa uaminifu wote, pamoja na mapengo yake. Tena sauti ya YouTube hufika ikiwa imeshabanwa kwa AAC au Opus, ambazo nazo hutupa kama MP3, kwa hiyo ilipotoka kama MP3 ilikuwa imetupwa mara mbili. Futa hizo FLAC, rudi kwenye MP3 zako. Kwa nyimbo unazozipenda kweli, nunua CD au faili kamili kwa wasanii wenyewe, kisha tengeneza MP3 za gari kutoka humo kwa kilobiti 320. Barabarani, na ngurumo ya injini na upepo, hutakosa kitu. Flashi iandae kwa mfumo wa FAT32, redio nyingi za gari hazielewi mwingine.

SWALI: Assalaam alaykum. Nina nyimbo za taarabu za Unguja za marehemu bibi, nimezihifadhi FLAC kama ulivyowahi kushauri. Nimenunua iPhone, na programu ya muziki ya Apple inazikataa. Nizigeuze MP3? – Binti wa Muscat

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Usizigeuze MP3. Apple wana mkunjo wao usiopoteza kitu, ALAC, walioutoa mwaka 2004 na kuufungua kwa wote mwaka 2011. Kutoka FLAC kwenda ALAC hakupotei hata chembe, na unaweza kurudi. Chunga moja: faili za ALAC huishia na .m4a, na za AAC, ambazo hupoteza, huishia hivyohivyo, basi kwenye programu ya kugeuzia hakikisha umechagua ALAC kwa jina. Kama hutaki kazi hiyo, weka VLC kwenye simu, itacheza FLAC zako kama zilivyo. Kama kuna rekodi za ukumbini ambamo ganuni inaunganisha wimbo mmoja na mwingine, utafurahi zaidi kutokwenda MP3, kwani yenyewe huongeza ukimya mdogo mwanzo na mwisho wa kila faili, na muungano ule hukwaruza.

SWALI: Fundi, mama alifariki mwezi wa tatu. Nina ujumbe wake wa sauti wa WhatsApp zaidi ya mia. Faili zinaishia na .opus na watu wananiambia nizigeuze MP3 zisije zikapotea. Natumia Android. – Dada, Mwanza

JIBU: Pole sana, mdogo wangu. Usizigeuze. Opus nayo hupoteza, na sauti ya mama ilishabanwa siku aliyokutumia. MP3 itapunguza tena. Kama hofu yako ni kwamba Opus itasahaulika, iondoe: imewekwa wazi kama kanuni ya kimataifa tangu 2012, na VLC inaicheza kwenye kompyuta yoyote. Hatari yako ni simu kuibiwa au kuanguka majini. Unganisha simu na kompyuta kwa waya, fungua Android, kisha media, kisha com.whatsapp, WhatsApp, Media, na humo utaona folda iitwayo WhatsApp Voice Notes. Ina folda ndogo za kila wiki. Nakili folda nzima bila kuchagua, kwa kuwa majina ya faili hayasemi ni nani aliyezungumza, kisha ipeleke kwenye flashi mbili, moja akae nayo ndugu yako. Kutafuta zipi ni za mama utafanya baadaye, taratibu, kwa siku utakayojisikia. Kunakili fanya leo jioni.